Denys Finch Hatton, Nondo na Kamau

Mkazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, awe wa Pumwani, Kaloleni, Makadara au Umoja, amezoea kuishi chini ya ndege. Uwanja wa Eastleigh, ambao sasa ni kituo cha wanahewa, ndio uliopokea abiria wa ng'ambo hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958, nao Embakasi uko upande huo huo wa mji. Mtoto wa Eastlands huijua sauti ya injini ya ndege kabla ya kuijua alfabeti. Hata hivyo, mtu ambaye jina lake limeambatana zaidi na ndege ndogo za kale za Kenya hakuwa wa upande huu wa mji, wala hakuwa wa tabaka la wakazi wake. Makala haya yanamhusu mtu huyo, Denys Finch Hatton. Yanamhusu pia, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoruhusu, mtu aliyekufa pamoja naye.

Finch Hatton alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887, mwana wa lodi wa Winchilsea. Alisoma Eton, kisha Oxford, ambako inasemekana aliwavutia watu kwa maneno na michezo kuliko kwa vitabu. Kwa kuwa alikuwa mwana wa pili, urithi wa cheo na ardhi ulikuwa wa kaka yake. Mwaka 1911 alifika Afrika Mashariki, akanunua shamba magharibi mwa Bonde la Ufa, karibu na palipokuja kuwa mji wa Eldoret, akajaribu pia biashara ya maduka. Hakuna hata moja kati ya shughuli hizo iliyomshika kwa muda mrefu.

Waafrika walimpa jina la Makanyaga. Wapenzi wa Kiswahili watalitambua mara moja: limetokana na kitenzi kukanyaga, na limeundwa kwa namna tunayoizoea katika majina ya utani. Maelezo yaliyohifadhiwa ni kwamba aliweza kumkanyaga mtu kwa ulimi, yaani kumshusha kwa neno moja bila ya kupaza sauti. Wazungu waliosimulia habari hii waliichukulia kuwa sifa. Mimi sina hakika kwamba waliombandika jina hilo walikusudia sifa tupu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole kilichokuwa na askari wengi Wasomali, baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Katika vita hivyo hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kumbukumbu yao iko Eastlands, ndani ya jina la mtaa: Kariokor, ambalo ni Carrier Corps lililopita katika vinywa vya Waswahili, kama lilivyopita Dar es Salaam likawa Kariakoo. Inafaa msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana afisa hukumbukwa kwa jina na wapagazi kwa kikosi.

Mwishoni mwa vita alianza mafunzo ya urubani nchini Misri. Mwaka 1918 pia ndipo alipokutana na Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, ambaye baadaye angemfanya maarufu duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1937. Katika miaka ya 1920 alijipatia riziki kwa kuwaongoza matajiri katika safari za uwindaji. Mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alikuwa mteja wake mwaka 1928 na tena mwaka 1930. Ajabu ni kwamba mwindaji huyu aliandika katika gazeti la The Times kupinga wawindaji waliowaua simba wa Serengeti kwa wingi wakiwa ndani ya magari, akataka wanyama walindwe.

Mwaka 1930 alinunua ndege. Ilikuwa Gipsy Moth ya kampuni ya de Havilland, na jina hilo ni la nondo, si nondo za ujenzi, bali yule mdudu anayezunguka taa. Geoffrey de Havilland alikuwa mpenzi wa wadudu, na mabawa ya ndege hii yaliweza kukunjwa nyuma kama ya mdudu huyo, hata ikahifadhiwa katika banda la gari. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, ya mbao zilizovikwa kitambaa, injini ya nguvu farasi zipatazo 100, na viti viwili vilivyo wazi, abiria akikaa mbele ya rubani. Haikuwa na redio. Ili kuiwasha, ilibidi mtu asimame mbele yake na kuizungusha rafadha kwa mkono, kisha aruke nyuma upesi.

Bei ya ndege mpya ya aina hii ilikuwa takribani pauni 650, yaani shilingi 13,000. Kibarua wa Nairobi aliyepata shilingi 20 hivi kwa mwezi, akalala Pumwani au katika kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, angehitaji zaidi ya miaka 50 kuipata bila ya kula.

Finch Hatton aliitumia ndege hiyo kwa anasa na kwa kazi. Alitua katika shamba la Blixen na kumrusha juu ya vilima na nyanda. Blixen anasimulia kwamba mzee mmoja Mkikuyu, Ndwetti, aliwauliza waliposhuka kama walikuwa wamefika juu kiasi cha kumwona Mungu. Walipokiri kwamba hawakumwona, wala hawakujua kama wangewahi kumwona, mzee akasema haelewi basi kwa nini wanaendelea kuruka. Blixen aliliandika kwa upole, lakini kwangu hilo ni swali zito kuliko yote yaliyomo katika sura ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwatafuta ndovu kutoka angani. Mwezi Mei 1931 aliondoka kwenda Voi kulijaribu wazo hilo. Beryl Markham, aliyekuwa akijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, aliandika baadaye kwamba alialikwa, na mwalimu wake akamsihi asiende. Blixen naye alitaka kwenda, akaambiwa safari ingekuwa ngumu. Aliyekwenda ni Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Tofauti ya mialiko hii ni kwamba wawili wa kwanza wangeweza kukataa.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege iliruka kutoka Voi, ikazunguka, na muda mfupi baadaye ikaanguka na kuteketea. Finch Hatton alikuwa na umri wa miaka 44. Umri wa Kamau hautajwi katika simulizi mashuhuri za ajali ile, wala jina la baba yake, wala kijiji chake.

Mwili wa Finch Hatton uliletwa Nairobi kwa gari moshi, ukazikwa katika vilima vya Ngong, na baadaye kaka yake akajenga mnara wa mawe juu ya kaburi. Filamu ya mwaka 1985 ilimpa uso wa Robert Redford, na ndege ya kale iliyotumika humo iliuzwa mnadani Paris mwaka 2013. Tsavo Magharibi iko kambi ya watalii yenye jina lake.

Ikiwa yuko mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, mahali pa kuanzia si mbali. Jengo la Nyaraka za Taifa liko kati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya, na abiria wa Eastlands hulipita kila jioni wakielekea vituo vya matatu.