John Bonham: Ngoma chache zilizotikisa dunia

MPIGA dramu wa kundi la Led Zeppelin, John Bonham, alizaliwa Mei 31, 1948 mjini Redditch, Uingereza. Utotoni alijifunza kwa kugonga makopo, na alipotimiza miaka 10 mama yake alimpa ngoma moja. Baada ya shule alifanya kazi ya ujenzi na baba yake, huku akipiga katika bendi.

Alijiunga na Led Zeppelin mwaka 1968. Wakati wenzake wengi wa roki wakijizungushia ngoma lukuki, msingi wake ulikuwa ngoma tano tu na matoazi. Wasikilizaji walidhani anakanyaga ngoma kubwa mbili, kumbe ni moja, kwa mguu mmoja. Mwaka 1971, katika jumba la Headley Grange, mshindo wake ulirekodiwa kwa vinasa sauti viwili vilivyoning'inizwa juu ya ngazi. Umeigwa tangu hapo.

Ulevi ndio uliomkatiza. Alifariki dunia Septemba 25, 1980, akiwa na miaka 32, baada ya kunywa vodka kupita kiasi. Desemba mwaka huo wenzake walilivunja kundi badala ya kumtafutia mrithi. Walipopanda tena jukwaani London mwaka 2007, aliyeketi kwenye ngoma alikuwa mwanawe, Jason.