Schoenheimer: jamaa aliyekifuata chakula mpaka ndani ya mwili

Bibi yangu humeza vidonge vya presha kila asubuhi. Siku moja akaniuliza kidonge kikishapita kooni kinaelekea wapi, na hao madaktari wanajuaje. Nikababaika. Nikaingia kafe, nikachimba weee, mpaka nikamfikia Rudolf Schoenheimer.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1898, akasomea udaktari. Alikuwa mtafiti kule Freiburg mpaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka. Jamaa alikuwa Myahudi, basi kazi ikaota mbawa. Akahamia New York, Chuo Kikuu cha Columbia.

Kumbe balaa lile lilimpeleka penyewe! Pale Columbia, mwaka 1931, Harold Urey alikuwa amegundua haidrojeni nzito, yaani deuteriamu, iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1934. Haidrojeni ya kawaida ina protoni moja tu kwenye kiini. Hii ina protoni na nyutroni, kwa hiyo uzito wake ni kama mara mbili. Haitoi mionzi.

Schoenheimer akashirikiana na David Rittenberg, kijana aliyefundishwa na Urey. Wazo lao lilikuwa kukitia chakula alama kwa haidrojeni hiyo. Ni kama kumfunga kuku wako uzi mguuni kabla hajachanganyika na kuku wa jirani.

Mwaka 1935 walitangaza majibu ya panya waliolishwa mafuta yenye alama. Wasomi wengi waliamini mafuta ya mwilini ni akiba iliyolala tu kama gunia stoo, na unachokula leo ndicho kinachochomwa leo. Wapi! Sehemu kubwa ya mafuta yale iliingia kwanza kwenye akiba ya mwili. Baadaye wakatumia naitrojeni nzito kufuatilia protini, mambo yakawa yale yale. Mwili unabomoa na kujenga kila siku.

Inasikitisha kwamba Septemba 1941 alijiua, akiwa na miaka 43 tu. Kitabu chake kilichoeleza kazi hiyo kilitoka 1942. Hakukiona.

Lakini uzi wake bado uko mguuni. Leo watafiti wakitaka kujua dawa imebaki kiasi gani kwenye damu, wanachukua sampuli na kuitia kiasi wanachokijua cha dawa ile ile iliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito. Ikipotea kidogo wakati wa kusafisha, zote mbili zinapotea kwa uwiano ule ule. Halafu mashine inayopima uzito wa molekuli inazitenganisha, hesabu inapigwa, kazi kwisha. Dozi unayoandikiwa hutokana na vipimo vya namna hiyo.

Si hivyo tu. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu deutetrabenazine, dawa ya kupunguza mitikisiko ya ugonjwa wa Huntington. Ndani yake kuna deuteriamu, inayofanya mwili uivunje polepole zaidi.

Nilirudi nikamsimulia bibi habari ya kuku na uzi. Akacheka, akasema basi huyo mtu alikuwa mfugaji. Nami sikubisha.

Haya wadau, nawasilisha. Wanaosoma kemia, uwanja wa maoni ni wenu, tuelimishane bila matusi.