Newton na Tauni: Nusu ya Pili ya Kisa

Wanafunzi wa Githurai 45 wanakumbuka Machi 2020, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya Korona. Baadhi yao walipelekwa mashambani kwa nyanya zao. Na usafiri wa kuingia na kutoka eneo la Nairobi ulipopigwa marufuku kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7, wakabaki huko huko. Ndipo walipoanza kupewa mfano wa Isaac Newton, aliyekaa shambani wakati wa tauni akavumbua makuu. Kisa hicho ni cha kweli, ila husimuliwa nusu.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642 kijijini Woolsthorpe, Uingereza, miezi mitatu baada ya babake kufariki. Mamake alipoolewa tena, alimwachia nyanya mtoto huyo wa miaka mitatu. Baadaye mama huyo alimtoa shuleni aje atunze shamba na mifugo, kazi ambayo haikumfaa kamwe. Mwalimu wake, Henry Stokes, pamoja na mjomba wake walimsihi mama hadi akakubali arudi darasani. Mwaka 1661 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwatumikia wengine ili apunguziwe gharama.

Tauni ilipokifunga chuo mwaka 1665, Newton alikuwa amekwisha pata shahada. Alirejea Woolsthorpe, na ukiondoa miezi michache ya 1666, alikaa huko hadi Aprili 1667. Aliendeleza hisabati mpya, akachunguza rangi za mwanga kwa kioo cha pembe tatu, na akaanza kujiuliza iwapo nguvu iangushayo tunda ndiyo iushikayo mwezi. Jibu kamili alilichapisha mwaka 1687, akiwa profesa wa miaka mingi. Alifariki mwaka 1727.

Kumbe shamba halikumfundisha Newton. Lilimpa nafasi ya kufikiri juu ya yale aliyokwisha fundishwa. Alikwenda na vitabu, daftari na miaka minne ya chuo. Mtoto aliyekwenda na begi tupu hana haki ya kulaumiwa kwamba alirudi vivyo hivyo.

Shule zetu zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, wapo ambao hawakurejea. Walimu wenzangu, tusiwape hao mfano wa Newton kabla hatujafuata ule wa Stokes: kubisha hodi kwa mzazi na kumwombea mtoto nafasi yake darasani.