Mchungaji Bruno Gutmann na Mafundisho ya Kipaimara kwa Vikundi

Marehemu Mchungaji Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akatumwa Kilimanjaro na Misheni ya Leipzig mwaka 1902. Huko Old Moshi alijifunza jinsi vijana wa Kichagga wa rika moja walivyoshikamana. Ndipo akawaunganisha wanafunzi wa Kipaimara wawili wawili au watatu watatu, katika undugu wa ngao, wasaidiane darasani na maishani. Mwaka 1920 Waingereza walimwondoa. Walimu wenyeji wakazilea sharika hadi aliporudi katikati ya miaka ya 1920. Aliondoka 1938, akafariki 1966. Wako waliomlaumu kwa kuuegemeza mno usharika juu ya ukoo, nami naona wana haki: hapa Nyegezi Msukuma, Mjita na Mhaya huketi darasa moja la Kipaimara, wala hatuwapangi kwa koo.