Gosset: Mtakwimu wa kiwanda cha bia aliyeficha jina

MIONGONI mwa waliofundisha viwanda kuamua kwa takwimu badala ya kubahatisha ni William Sealy Gosset, aliyezaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876.

Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Huko shayiri ilijaribiwa katika mashamba machache tu, ilhali kanuni za wakati huo zilitaka vipimo vingi. Uamuzi mbaya ulimaanisha hasara.

Baada ya kusoma kwa Karl Pearson jijini London, mwaka 1908 alichapisha njia ya kupima sampuli ndogo. Kwa vile kampuni haikuruhusu watumishi kuchapisha kwa majina yao, alitumia jina la bandia, "Student", yaani mwanafunzi.

Alifariki dunia Oktoba 16, 1937. Wengi wanaotumia kipimo chake, hata wahasibu, hawalijui jina la Gosset.