Tumemkumbuka kuku, tukazisahau nyumba

Mwanamke wa Mombasa anapotaka leso, haulizi njia. Miguu yenyewe yampeleka Biashara Street, mtaa ambao maduka yake yamepangana bega kwa bega, na leso zimetundikwa mlangoni zikipepea mithili ya bendera za mataifa yasiyohesabika. Hapo bibi harusi hununuliwa kisutu chake, na hapo pia hufika watu wa bara ya Kilifi kutafuta kaniki nyeusi na bafta nyeupe za shughuli zao za jadi.

Katika duka moja la mtaa huo nilimkuta mwalimu na wanafunzi wake watatu. Walikuwa wakinunua nguo za mchezo wa kuigiza, na mchezo wenyewe ulimhusu Mekatilili wa Menza. Mwenye duka alipouliza huyo Mekatilili alifanya nini, binti mmoja alisimulia kwa ufasaha kisa cha kuku. Alieleza jinsi mama huyo alivyokwenda mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Mzungu achukue kifaranga kimoja. Mzungu aliponyoosha mkono, kuku akamdona. Hivyo ndivyo Wagiriama watakavyofanya, alimaanisha Mekatilili, endapo wana wao watachukuliwa. Duka zima lilicheka, na mwenye duka akapunguza bei.

Nami nilicheka. Kisha nikamwuliza yule binti kilichotokea baada ya hapo. Alimtazama mwalimu wake, mwalimu akatazama kitambaa mkononi mwake. Mchezo wao, niliambiwa, huishia pale kuku anapodona.

Ndugu msomaji, hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Tumemkumbuka kuku, tukazisahau nyumba zilizoteketezwa. Maisha ya mwanamke huyu yakikatwa hapo, hugeuka kichekesho, ilhali yalikuwa maisha yaliyokutana ana kwa ana na nguvu za jeshi.

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 huko Mutara wa Tsatsu, upande wa Bamba, akaitwa Mnyazi wa Menza. Jina lililompa sifa alilipata kwa uzazi, kwani Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, kifungua mimba wake. Husimuliwa kwamba alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume, na kwamba mmojawapo wa ndugu hao alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa asionekane tena. Ikiwa ndivyo, basi alijua tangu utotoni maana ya mgeni kuja kuchukua kijana wa watu. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume. Ujane ulimpa uhuru wa kusema hadharani ambao mke wa mtu hakuwa nao, naye hakuuachia uhuru huo ulale bure.

Wagiriama wa wakati huo hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Walikuwa wakulima hodari na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na nafaka yao ililisha miji ya pwani. Walikwisha kuvuka mto Sabaki na kulima ardhi yenye rutuba iliyo kaskazini yake. Serikali ya kikoloni iliona jambo jingine. Iliona nguvukazi isiyotumika, kwa sababu mashamba makubwa ya walowezi na kazi za umma zilihitaji vibarua, na Mgiriama aliyekuwa na shamba lake hakuona sababu ya kwenda kulima la mwenzake.

Mwaka 1912 afisa aitwaye Arthur Champion alipelekwa kuwatawala. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba, kuweka wazee wa kutumikia serikali, na kutoa vijana kwa ajili ya kazi. Aliyesimamia mkoa mzima, akiwa na makao hapa Mombasa, alikuwa Charles Hobley. Hivyo amri zilizowafikia watu wa Giriama zilipitia katika kisiwa hikihiki, mwendo mfupi tu kutoka zinakouzwa leso.

Mekatilili hakushika upinde. Alishika ngoma. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na kila alipocheza watu walikusanyika. Walipokusanyika aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, nabii mwanamke wa zamani aliyebashiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Kisha aliwaita katika Kaya Fungo, mji wao mtakatifu uliomo msituni. Humo, pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, wanawake walilishwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Waliapa kutolipa kodi, kutotoa vijana, na kutomtii mzee aliyepewa cheo na serikali. Mnamo Agosti mwaka huohuo ndipo palipokuwa na mkutano wa Champion ambao masimulizi yameuhifadhi kwa kisa cha kuku. Lakini masimulizi hayohayo yanaongeza jambo ambalo michezo yetu huliacha: Champion alimpiga kuku yule risasi.

Huenda mwanafunzi akauliza, kwa nini serikali yenye bunduki iogope ngoma ya mjane? Hofu hiyo haikuanzia Pwani. Katika Marekani, mwaka 1890, watu wa Lakota waliokuwa wamenyang'anywa ardhi yao walianza kucheza ngoma ya kiroho, wakiamini kwamba wafu wao watarudi na nchi itakuwa njema tena. Maafisa wa serikali waliingiwa na hofu. Tarehe 15 Desemba mzee wao mashuhuri, Sitting Bull, aliuawa na polisi waliotumwa kumkamata. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Desemba, wanajeshi waliwazingira Walakota mahali paitwapo Wounded Knee na kuwaua zaidi ya watu 250, wengi wao wanawake na watoto. Wanajeshi kadhaa walitunukiwa nishani kwa kazi hiyo. Mtawala hakuiogopa ngoma kwa sababu ya miguu inayocheza. Alichokiogopa ni watu waliokuwa wametawanyika kuwa kitu kimoja tena.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakasafirishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi, wakiwa katikati ya watu wasiojua lugha yao. Serikali ilidhani umbali ni kufuli. Januari 1914 wazee hao wawili walitoroka, wakarudi kwao safari inayokaribia kilomita 800, wakipita katika mbuga na nchi za watu wasiowajua. Sitatia chumvi katika safari hiyo, kwani yenyewe yatosha.

Ndipo serikali ilipoamua kuiadhibu kaya yenyewe. Mapema Agosti 1914, siku zilezile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Malango yalibomolewa na miti ikateketezwa. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe uzito wa tendo hilo awaambie wafikirie msikiti, kanisa, mahakama na makaburi ya mababu vikiwa mahali pamoja, kisha vikalipuliwa kwa siku moja. Mwezi huohuo Mekatilili alikamatwa tena, akapelekwa uhamishoni mara ya pili.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana vitabu vyetu hupita mbio. Moto mkubwa ulipowaka, Mekatilili hakuwako vitani. Wanaomwigiza akiwa na upinde mbele ya jeshi wanampamba kwa pambo asilolihitaji. Katikati ya Agosti askari wa Champion waliingia vijijini kutafuta vijana, mmoja wao akashutumiwa kumbaka mwanamke, na Wagiriama wakajibu kwa mishale. Serikali ikaleta kikosi cha King's African Rifles, ambacho wengi wa askari wake walikuwa Waafrika kama wale waliopelekwa kuwapiga. Kwa majuma kadhaa kikosi kilipita kijiji baada ya kijiji. Wanahistoria wamekadiria kwamba Wagiriama wapatao 150 waliuawa, na kwamba karibu asilimia 70 ya nyumba zao zilichomwa moto. Mbuzi walitekwa kwa maelfu. Kwa mishale dhidi ya bunduki, hayo hayakuwa mapigano ya haki.

Baada ya mizinga kukoma ikaja hesabu. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Tukumbuke kwamba kodi ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Faini hiyo basi ililingana na kodi ya mwaka mzima ya nyumba zaidi ya 33,000, na ilidaiwa kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa majivu. Waliamriwa pia kutoa vibarua, na kuihama ardhi ya kaskazini ya Sabaki, ileile iliyokuwa ghala lao la chakula. Miaka michache baadaye waliruhusiwa kurejea. Ruhusa hiyo yenyewe yatuambia mengi kuhusu haki ya amri ya kwanza.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa, wakarudi na kuishi katika kaya. Yeye aliongoza baraza la wanawake, Wanje akaongoza la wanaume. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika Magarini. Leo sanamu yake imesimama Malindi, na misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwemo, imo tangu 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Mahali palipolipuliwa ili pasahauliwe pamekuwa mahali ambapo ulimwengu mzima umetakiwa kupalinda.

Najua wapo watakaosema kwamba watoto hawafai kulishwa habari za moto na damu, na kwamba kuku yatosha kwa mtoto wa shule. Wana nia njema, lakini nasita kukubaliana nao. Mtoto anayefundishwa kisa cha kuku pekee huondoka akiamini kwamba ujasiri ni maneno makali na kicheko cha umati. Atakapokua na kukuta kwamba maneno ya haki hujibiwa kwa risasi, atadhani kwamba mashujaa wa zamani walikuwa na bahati ambayo yeye hana. Anayefundishwa habari yote hujua kwamba Mekatilili alisema neno la kweli, neno hilo likagharimu nyumba, mifugo na roho za watu, yeye akalipa kwa miaka ya uhamisho, kisha akarudi na kukalia kiti chake katika kaya ileile. Ushindi wake si kumshinda Champion mkutanoni. Ni kurudi.

Fauka ya hayo, kuna deni. Wale 150 walikuwa na majina, nasi hatuyatamki. Wajukuu na vitukuu vyao wamo madarasani mwetu, Ganze, Magarini, Kaloleni, na hapa Mombasa. Kabla wazee wachache waliosimuliwa na wazazi wao hawajaondoka, mwalimu wa historia angeweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na swali moja tu: nyumba yetu ilikuwa wapi mwaka 1914, na nini kiliipata?

Yule mwalimu wa Biashara Street alinisikiliza hadi mwisho, nguo zake zikiwa zimekwisha kufungwa. Kisha aliomba kipande kingine cha kaniki. Alisema mchezo utahitaji onyesho moja zaidi, na katika onyesho hilo wanawake watakuwa wamevaa nyeusi.