Adrian Hill, Mchoraji wa Wagonjwa

Muhula uliopita sikuwapo shuleni. Nililazwa hospitali wiki saba kwa kifua kikuu. Vidonge nilivizoea, kilichonishinda ni mawazo. Usiku nilidhani masomo yamenipita na wenzangu wamekwisha kunisahau. Siku moja mwalimu wetu wa uchoraji aliniletea penseli, daftari na habari za Bwana Adrian Hill. Nami nawaletea ninyi.

Bwana Hill alizaliwa Uingereza mwaka 1895. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari huko Ufaransa, na kazi yake ilikuwa kutangulia mbele kupeleleza. Mwaka 1917 jumba la makumbusho ya vita la London lilimpa kazi ya kuchora mambo ya vita, naye akawa mchoraji wa kwanza kupewa kazi hiyo. Vita ilipokwisha aliendelea kuchora na kufundisha.

Mwaka 1938 alishikwa na kifua kikuu, akapelekwa Midhurst, kusini mwa Uingereza. Siku zile dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo ilikuwa haijapatikana. Mgonjwa alilala kitandani miezi mingi, akingojea hewa safi, chakula na mapumziko vimsaidie. Mwili ulipumzika, lakini moyo haukupumzika. Basi Bwana Hill akachukua penseli, akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Akaona kwamba akichora, saa hupita upesi na wasiwasi hupungua.

Alipopata nafuu hakuificha faida hiyo. Mwaka 1941 alianza kuwafundisha wagonjwa wengine pale pale, wakiwamo askari waliojeruhiwa vitani. Baadhi yao walichora mambo ya kutisha waliyoyaona, ambayo vinywa vyao vilishindwa kuyasema. Mwaka 1942 aliipa kazi hiyo jina, yaani tiba ya sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu chake, Art Versus Illness. Waganga wa tiba hiyo walipoanzisha chama chao Uingereza mwaka 1964, yeye ndiye aliyekuwa rais wao wa kwanza. Alifariki mwaka 1977.

Tusikosee: penseli haiui vijidudu. Vidonge ndivyo vinavyoniponya, na hata sasa bado navimeza. Lakini picha yangu ya kwanza ilikuwa kikombe cha uji, na mzee wa kitanda cha pili alidhani ni ndoo. Tukacheka sana. Kesho yake akaniomba karatasi, akachora mashua yake, akanieleza jinsi anavyoiogopea kuoza pwani hali yeye amelala. Alikuwa hajasema neno tangu nilipofika.

Basi ndugu zangu, mkienda kumtazama mgonjwa, pelekeni machungwa, na penseli pia.